Mwarobaini kwa funza nakubali, kwa upele ngoja kwanza

Mimi ni mfamasia hapa Mombasa na swali ninaloulizwa sana kaunta ni la miti shamba ya ngozi, yani mtu ana upele nyumba nzima au mtoto ana mapunye, ashapitia soko la Marikiti kanunua unga wa majani na kaambiwa huu umethibitishwa maabara. Haya, huenda kweli umethibitishwa, lakini kule maabara mara nyingi wanaloweka majani kwa methanoli, aina ya spiriti, wanakausha, halafu wanaiweka kwenye kisahani chenye fangasi na fangasi zikifa wanaandika imefanya kazi. Siki pia inaua fangasi kwenye kisahani jamani. Mimi nataka kujua imehitajika kiasi gani, na hicho kiasi kitapenya ngozi ya mtu bila kumuunguza? Hapo ndipo miti mingi inapokwama.

Ila funza ni kesi nyingine kabisa, na sisi watu wa Pwani tunamjua, ukivuka tu kwenda vijiji vya Kwale au ukipanda juu Kilifi utamkuta. Anayeingia mguuni ni jike, akiwa nje ni kama milimita moja, akishazama anavimba kwa mayai mpaka anakaribia sentimita, lakini hazami mwili wote, anaacha tundu dogo kwa nje na hapo kwenye hilo tundu ndipo anapumulia, anapotolea mayai na uchafu. Sasa fikiria, mdudu mwenye tundu moja la kupumulia, huhitaji sumu kali, unahitaji mafuta mepesi ya kuliziba. Ndio kazi ya dimetikoni, ambayo si mti bali ni mafuta ya silikoni, na utafiti uliofanywa hapa Kenya ukachapishwa 2013 uliilinganisha na kuosha miguu kwa permanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuua vijidudu: kwa siku saba funza 78 kwa mia walikuwa hawana dalili ya uhai, permanganeti ikapata 39. Shida ni kuipata na bei yake.

Kwa hiyo watafiti wakarudi kwa kitu ambacho kila boma la huku linakijua, wakachanganya mafuta ya mwarobaini sehemu 20 na ya nazi sehemu 80, wakajaribu kwa watoto hapa hapa Pwani, matokeo yakatoka 2019. Nisiwadanganye, kwa kuua funza haikuipita permanganeti, lakini uvimbe na maumivu vilipungua vizuri zaidi, na ngozi haikukauka na kupasuka kama inavyofanya permanganeti, manake ule mpasuko nao ni mlango wa bakteria. Kwangu hiyo inatosha kusema ndio, hasa ukikumbuka njia mbadala ni pini moja ya kuchokolea funza inayozunguka watoto wote, na hapo unaongelea pepopunda na virusi vya damu. Pia usipake mguu ukasahau sakafu, viluwiluwi vyake vinakulia kwenye mchanga na vumbi la humo humo chumbani. Na mafuta ya mwarobaini ni ya kupaka tu, mtoto mchanga asinyweshwe hata tone, kuna watoto yaliwadhuru vibaya.

Upele sasa, ule wa wadudu wadogo wanaochimba ndani ya ngozi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na wauzaji wanapenda kutaja utafiti wa India wa 1992, mwarobaini na manjano, watu 814, asilimia 97 wakapona. Namba tamu hiyo, lakini hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha, na kwa upele hilo ni pengo kubwa kwa sababu mwasho wenyewe unaweza kuendelea wiki kadhaa hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hivyo ukiangalia mtu anavyojikuna tu huwezi kujua dawa imefanya nini. Mimi bado natoa BBE (benzyl benzoate) au pemethrini, dawa za kupaka za kuua wadudu hao, na nyumba nzima mnapaka siku moja, hata yule anayesema haniwashi.

Mapunye ya kichwani sitaongea sana, fangasi imeingia ndani ya unywele, kupaka majani juu hakuifikii, mtoto anahitaji vidonge. Lakini kuna hina. Wamama wengi wanaipaka kwenye fangasi za miguu na kusema kweli rangi yake inaua fangasi maabara. Mtu mzima mwenye ngozi nzima simkatazi, mradi iwe hina ya majani, si piko, ile nyeusi ina kemikali ya rangi ya nywele na nimeona malengelenge yake. Kwa watoto wachanga ndio nakataa kabisa, hina inapita kwenye ngozi yao na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, na upungufu huo hapa Pwani si kitu cha nadra. Ukiona mtoto amepakwa na macho yamegeuka manjano au mkojo una rangi ya kola, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali na uwaambie alipakwa hina.