Gari Halikuja Bila Maji

"Zimamoto hao, wamekuja bila maji!"

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii katika kichochoro cha Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nami nina mpira wa maji begani. Kijana aliyekuwa akipiga kelele ameinua simu, anarikodi. Nimechoka nayo kauli hii. Leo naieleza.

Kichochoro kile mkokoteni wenyewe hupita kwa shida, sembuse gari letu. Tuliliacha barabarani tukavuta mipira kwa miguu, vipande sita, mita 120. Mpira wa milimita 64 kwa urefu huo humeza zaidi ya lita 380 kabla tone la kwanza halijatoka mdomoni. Pampu inanguruma, maji yanajaza mpira kona baada ya kona, na mahali popote ulipokunjika au kukanyagwa, yanagoma. Wakati huo aliyeshika mdomo wa mpira amesimama mbele ya moto mikono mitupu. Hiyo ndiyo picha inayosambazwa.

Na kuna wakati maji yanakwisha kweli, silifichi hilo. Tuseme tangi lina lita 4,000 na mpira mmoja unatoa lita 400 kwa dakika: dakika 10, basi. Funga mpira wa pili, ni dakika 5. Baada ya hapo tunategemea haidranti, bomba la mtaani la kuchotea maji ya kuzimia moto, na haidranti ikiwa imejengewa baraza juu yake, tunangoja boza la maji. Aliyefika dakika ya 11 ataapa kwamba tulikuja watupu.

Linaloniuma zaidi ni la makuti. Paa la makuti la Nungwi likishashika moto na kaskazi inavuma, tangi zima halitoshi kuliokoa. Kwanza tunahakikisha ndani hamna mtu. Kisha tunaliacha paa hilo, tunarowesha la jirani, upande upepo unakoelekea. Moto wa makuti hautambai tu, unaruka. Cheche ikiangukia makuti yaliyorowa, inakufa. Lakini mwenye nyumba anaona maji yanamwagiwa nyumba isiyowaka. Bibi mmoja alinishika mkono akilia: "Mwanangu, moto uko huku!" Nilijua ulipo. Ningemweleza nini pale, na nyumba nne ziko nyuma yangu?

Hata hivyo siwezi kusema kila mara nimepatia. Asubuhi yake nilirudi kwa bibi yule nikakuta chumba cha uani kimeungua nusu tu. Pengine mpira mmoja kwa dakika mbili ungekiokoa. Nimelipima jambo hilo mara nyingi, na bado halijanitoka.

Mji Mkongwe una hesabu yake nyingine. Dari zake ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chokaa inakunywa. Mwaga lita 2,000 ghorofani, umeongeza tani mbili juu ya boriti kuukuu ambazo moto umezila kwa chini. Ndiyo maana ndani tunanyunyiza kidogo kidogo, kwa matone membamba. Lita moja ikigeuka mvuke inajaa karibu lita 1,700, na mvuke huo ndio unaobeba joto na kuusonga moto chumbani. Wa nje akiona ukungu badala ya mkondo mnene anasema maji yamekwisha. Hayajakwisha, tunayabana kwa makusudi.

Dari fulani itahimili kiasi gani? Mafunzoni hakuna kanuni niliyopewa ya kupimia. Naangalia vumbi la chokaa: likianza kudondoka kwenye maungio ya boriti, nawatoa vijana wangu, hata kama moto umebaki kidogo.

Yule kijana wa Mkunazini nilimwomba aweke simu mfukoni, arudi kona ya pili akaondoe vespa iliyoegeshwa juu ya mpira. Alikwenda mbio. Maji yakafika.