Si kila kinachong'aa kwenye gari la zamani ni kromu

Wengi wanaokarabati magari ya michezo ya zamani huamini kila pambo linalong'aa lilitoka kiwandani likiwa limepakwa kromu, metali ngumu inayong'aa. Sivyo. Upinde unaopita juu nyuma ya viti vya Porsche 911 Targa za mwanzo, za 1967, magari ya michezo yenye paa la kuondoa, ulikuwa wa chuma cha pua kilichosuguliwa kikabaki na mistari myembamba, bila mng'ao wa kioo. Mapambo mengi ya madirisha yalikuwa alumini yenye utando mgumu wa oksidi, rangi yake fedha iliyopoa. Ukiusugua kwa dawa kali, unatoka na alumini inaanza kufubaa. Kromu yenyewe ina ubuluu kidogo, utauona vizuri mchana. Huniuma sana kukuta nembo nzima kabisa imepigwa msasa na kuchovywa kromu upya, mpaka kingo za herufi zimeviringika.