Dhima kamili: kwa nini mchezaji akisema "sikujua" bado anafungiwa

Kila mwaka kuna mchezaji anafungiwa kwa dawa za kusisimua misuli halafu mashabiki wanagawanyika, hawa wanasema mwizi huyo, wale wanasema kaonewa maana hakukusudia. Cha ajabu mara nyingi wote wawili wako sahihi. Kumbuka ya André Onana mwaka 2021 akiwa Ajax. Jamaa kaamka hajisikii vizuri, kachukua kidonge, kumbe ni dawa ya mke wake, kapimwa mkojo kakutwa na furosemide, dawa ya kukojosha ambayo kwenye michezo imekatazwa. UEFA wenyewe wakakubali kwamba hakuwa na nia ya kudanganya, na bado wakamfungia miezi 12, akakata rufaa ikashuka ikawa 9. Kolo Touré naye 2011, alikuwa Manchester City, vidonge vya kupunguza unene vya mkewe, miezi 6 nje.

Sasa hakimu anakubali hukukusudia halafu anakuadhibu, hiyo imekaaje? Hiyo ndo dhima kamili. Kwa Kiingereza wanaita strict liability, mimi natumia jina hilo la dhima kamili, dhima kwa maana ya kuwa wewe ndo wa kujibu, na kamili kwa maana ya kwamba haigawanywi, humwachii daktari nusu na mkeo robo. Kwenye sheria za WADA, lile shirika la dunia la kupambana na hizi dawa lililoanzishwa 1999, mchezaji ndo anayejibu kwa chochote kinachoingia mwilini mwake. Hawahitaji kuthibitisha ulikusudia, hawahitaji kuthibitisha ulizembea, hawahitaji hata kuonyesha kwamba dawa ilikusaidia kukimbia zaidi. Kimekutwa ndani yako basi kosa limeshatimia.

Wengi wanachanganya hapa kwa sababu wanadhani nia haina kazi kabisa. Ina kazi, ila zamu yake inakuja baadaye. Swali la kwanza ni je kosa lipo, na hapo nia yako hawaiulizi. Swali la pili ni ufungiwe muda gani, na hapo sasa ndo unaruhusiwa kueleza ya mke na kidonge na kichwa kuuma, ukiweza kuonyesha huna kosa kabisa unaweza kufutiwa kifungo chote, ukionyesha kosa lako ni dogo unapunguziwa, ila mzigo wa kuonyesha ni wako wewe sio wao. Kwenye michezo ya mtu mmoja mmoja matokeo yanafutwa hata kama kila mtu anakuonea huruma. Andreea Răducan, binti wa Romania wa miaka 16, alinyang'anywa dhahabu ya sarakasi pale Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu yake. Daktari wa timu, sio mtu wa mtaani!

Ni kali, sikatai. Lakini fikiria ingekuwa kinyume chake. Kila aliyekamatwa angesema nimewekewa kwenye kinywaji, na hakuna kipimo cha kupima kilichokuwa kichwani mwa mtu, kwahiyo ukiwaambia wapelelezi wathibitishe nia ni sawa na kuwaambia wafunge ofisi waende nyumbani.

Yote hayo ni rahisi kuelewa kama mkojo umeongea. Kesi iliyoisumbua hii dhana kuliko zote nnazozijua ni ile ya klabu ya Essendon ya Melbourne, Australia, kwa sababu pale hakuna mchezaji hata mmoja aliyefungiwa kwa kufeli kipimo.

Kwanza tuelewane, mpira wao sio huu wetu wa miguu. Ni ule wa Kiaustralia, mpira wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, unashika unapiga unakumbana, ligi yao inaitwa AFL na Essendon ni moja ya klabu kubwa na kongwe humo. Kocha alikuwa James Hird, mchezaji wa zamani aliyekuwa anaabudiwa pale klabuni. Kuelekea msimu wa 2012 wakaingia na programu mpya ya virutubisho ikisimamiwa na mwanasayansi wa michezo anaitwa Stephen Dank, na virutubisho hapa usifikirie unga wa protini wa kukoroga kwenye maziwa, tunaongelea sindano, tena sindano nyingi, na nyingine wachezaji walitolewa klabuni wakapelekwa kuchomwa sehemu nyingine. Daktari wa klabu, Bruce Reid, mtu aliyekuwepo pale miaka na miaka, Januari 2012 aliandika barua kulalamika kwamba mambo yanafanyika bila yeye kuhusishwa. Barua haikubadilisha kitu.

Wachezaji walipewa fomu za ridhaa wasaini. Kwenye fomu kulikuwa na majina kama AOD-9604, dawa iliyobuniwa kupunguza mafuta mwilini, na Thymosin, na maelezo kwamba vitu hivi vinakubalika kwa kanuni za WADA. Wakasaini. Ukiwa kijana wa miaka 20, klabu ya ndoto zako, kocha ni shujaa wako wa utotoni, mtu mwenye cheo cha sayansi anakupa karatasi, utauliza nini? Hapo nawaelewa kabisa, ila endelea kusoma.

Shida ni neno lenyewe Thymosin. Ni kama mtu kakuandikia "dawa ya kikohozi" akaishia hapo, ipi sasa? Kuna aina ambazo hazina tatizo kwenye michezo na kuna Thymosin beta 4, ambayo inasaidia mwili kujikarabati baada ya kuumia, na hiyo imepigwa marufuku wakati wote, uwe kwenye mashindano au uko likizo. Fomu haikusema ipi. Na AOD-9604 nayo ilikuwa na mtego wake. Kulikuwa na ubishi kama imekatazwa kwa sababu jina lake halikuandikwa kwenye orodha, lakini orodha ya WADA ina kifungu cha kukamata vyote vilivyobaki, kinasema dawa yoyote ambayo haijaidhinishwa na mamlaka ya afya ya serikali yoyote kutibu binadamu imekatazwa, iwe imetajwa au haijatajwa. Nahodha wao Jobe Watson alikiri kwenye televisheni mwaka 2013 kwamba anaamini alichomwa AOD-9604 na aliambiwa ni halali. Ukisikiliza unaona kabisa jamaa hadhani kama anakiri chochote kibaya.

Februari 2013 klabu ikajipeleka yenyewe kwa AFL na kwa ASADA, waliokuwa wapelelezi wa serikali ya Australia kwa mambo haya. Ripoti iliyofanywa kwa ajili ya klabu yenyewe ikaeleza mazingira ya majaribio ya madawa ambayo hayakudhibitiwa, hayakuhojiwa wala hayakuwekewa kumbukumbu. Hilo la kumbukumbu lishike, tutalirudia. Agosti AFL wakaishushia klabu adhabu ya uongozi mbovu: faini dola milioni 2 za Australia, kuondolewa kwenye hatua ya fainali msimu huo, kukatwa nafasi za kusajili chipukizi, na Hird nje miezi 12. Hiyo ilikuwa ya klabu. Ya wachezaji, ambao ni 34 kwa hesabu ya sasa na wa zamani, ilikuwa bado inapikwa.

Sasa utamshtakije mtu kwa dhima kamili kama huna mkojo? Jibu ni kwamba sheria haisemi kukutwa nayo tu, inasema pia kutumia ni kosa, na kutumia kunaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wowote wa kuaminika, meseji za simu, risiti, maneno ya mashahidi. Beta 4 mwili unaitengeneza wenyewe kwahiyo hata kipimo kinababaika. Ila kiwango cha uthibitisho sio kile cha mahakama ya jinai, wala sio kile cha kesi ya madai ambapo ukizidi nusu kidogo umeshinda, kipo katikati: wasikilizaji wa kesi wanatakiwa waridhike vya kutosha wakizingatia uzito wa tuhuma.

Na kwenye hicho kiwango cha katikati ndo wachezaji walishinda kwanza halafu wakashindwa. Machi 31, 2015 jopo la AFL likawaachia huru. Liliangalia ushahidi kama mnyororo: je dawa iliyonunuliwa ilikuwa beta 4 kweli, je ilifika kwa Dank, je ndo iliyoingia kwenye hizi sindano. Watu muhimu walikuwa wamegoma kuja kutoa ushahidi, pete za mnyororo zikaonekana hazishiki, kesi ikaanguka. WADA wakakata rufaa CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo yenye makao Lausanne, Uswisi, na hoja yao ilikuwa tofauti kidogo lakini nzito: msiuangalie ushahidi kama mnyororo, uangalieni kama kamba iliyosokotwa. Mnyororo ukikatika pete moja umekwisha, kamba ikikatika uzi mmoja bado inavuta ng'ombe. CAS wakainunua. Januari 12, 2016 wote 34 wakatiwa hatiani, miaka miwili kila mmoja, ikihesabiwa kuanzia Machi 2015 na kupunguzwa muda ambao walishasimamishwa, kwa vitendo wakapoteza msimu wote wa 2016.

Wakati huo 17 kati yao walikuwa bado wanacheza AFL, 12 Essendon na wengine walishahama. Essendon ikabidi wasajili wachezaji wa dharura, wakashinda mechi 3 kati ya 22 na kushika mkia, kitu kisichowatokea tangu 1933. Kuna mmoja, Stuart Crameri, alikuwa kahamia Western Bulldogs, na mwaka huo huo anaotumikia adhabu Bulldogs wakabeba ubingwa waliousubiri tangu 1954. Yeye yuko nje anaangalia. Watson naye alikuwa mshindi wa medali ya Brownlow ya 2012, yaani mchezaji bora wa ligi, akaiachia, wakapewa waliomfuata kwa kura, Trent Cotchin na Sam Mitchell.

Lakini si walidanganywa na fomu? Rudi kwenye yale maswali mawili. La kwanza likaisha, kutumia ni kutumia. La pili ndo lilikuwa nafasi yao, waonyeshe kosa lao ni dogo wapunguziwe, na hapo ndo mimi huruma yangu inapoanza kuyumba. Mchezaji akipimwa anajaza fomu inayouliza umetumia dawa gani na virutubisho gani siku za karibuni. Wachezaji wa Essendon walipimwa mara nyingi tu msimu ule, na sindano za Thymosin hakuna aliyeziandika. Watu wanaochomwa karibu kila wiki! Wala hawakwenda kumuuliza Reid, daktari wao wenyewe. Walikuwa wamefundishwa juu ya dawa hizi, namba za kupiga kuuliza walikuwa nazo. CAS wakasema mtu aliyekaa kimya namna hiyo hawezi kudai kosa lake ni dogo. Kwahiyo fomu ya ridhaa waliyodhani ni kinga haikuwa kinga, maana huwezi kusaini karatasi ya kumhamishia mwajiri dhima yako, na ile fomu nyingine ambayo ingewasaidia wakaiacha wazi.

Ile ya kumbukumbu sasa. Kama klabu ingekuwa na daftari la maana, tarehe, jina la dawa, kiasi, nani kachomwa nini, kesi ingeisha mapema, ama watu wangesafishwa ama wangekiri mapema wakapata punguzo. Daftari hilo halikuwepo. Kwenye kesi ya kawaida ukosefu wa karatasi unamsaidia mshtakiwa, kwenye dhima kamili unamgeukia, kwa sababu anayetakiwa kueleza kilichoingia mwilini mwake ni yeye na hana cha kueleza nacho. Yaani mtu anafungiwa kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukuapia kwamba alichomwa wala kwamba hakuchomwa.

Halafu kuna hii ambayo haisemwi sana. Mwezi uleule wa Januari 2016 Essendon ilipigwa faini nyingine, dola 200,000, na safari hii ilikuwa mahakama ya kawaida chini ya sheria ya usalama kazini, kwa kushindwa kuwawekea wafanyakazi wake mazingira salama. Wafanyakazi wenyewe ndo haohao wachezaji. Sheria ya kazi ikawaona wameumizwa na mwajiri, sheria ya michezo ikawaona wakosaji, sindano ni zilezile na mwezi ni uleule.