Lenzi za Zamani kwenye Kamera za Dijitali: Yanayosemwa Dodoma na Ukweli Wake

Kijana anayepiga picha za harusi na mahafali hapa Dodoma akiulizia lenzi mpya ya f/1.4, yaani yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, bei humkatisha tamaa. Ndipo anapoelekezwa kwenye lenzi za zamani, zile za kuzungusha fokasi kwa mkono. Nazipenda sana lenzi hizi, na inaniuma mtu akitoa hela yake kwa kuamini maneno ya vijiweni.

"Ukiwa na adapta, lenzi yoyote inakaa kwenye kamera yoyote."

Kukaa itakaa. Swali ni kama itaona mbali. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kutoka mdomo unaoshika lenzi hadi kwenye sensa, sehemu inayonasa picha: Nikon F ni milimita 46.5, lenzi za skrubu za M42 ni 45.46, Canon EF ni 44, na Canon FD ya zamani ni 42. Adapta, ile pete inayounganisha lenzi na kamera zisizolingana, huongeza umbali huo, haiwezi kuupunguza.

Kwa hiyo lenzi ya Nikon F juu ya Canon EF haina shida: kuna pengo la milimita 2.5, na adapta inalijaza. Lakini chukua lenzi ya M42, kwa mfano Helios 44-2 ya Urusi ya enzi za Kisovieti, uifunge kwenye Nikon yenye kioo cha ndani cha kuakisi picha (DSLR). Tayari imesogea mbele kwa milimita moja hivi kabla hata hujahesabu unene wa adapta. Milimita moja inaonekana si kitu, lakini kwa lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 inatosha kuifanya iishie kuona vizuri mita mbili na nusu tu. Utapata uso wa bibi harusi. Ukumbi mzima hutaupata, na Mlima Simba usahau. Canon FD juu ya Canon EF ni mbaya zaidi, ingawa jina la kampuni ni lilelile, na hapo ndipo wengi wananaswa.

Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zimeliondoa tatizo hili. Sony E ina milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Nafasi ni kubwa, na karibu kila lenzi ya kamera za filamu za milimita 35 itaona hadi upeo wa macho.

"Adapta inaharibu picha."

Adapta ya kawaida ni pete ya chuma iliyo wazi katikati. Hakuna kioo cha lenzi ndani yake cha kuharibu chochote. Zinazopunguza ubora ni zile zenye kioo kidogo ndani, zinazotengenezwa ili kulazimisha ndoa kama ile ya FD na EF. Mimi siwezi kumshauri mtu azinunue.

"Kamera itagoma, na mwanga haitapima."

Ikigoma, tafuta kwenye menyu mpangilio unaoiruhusu kupiga bila lenzi, uuwashe. Kuhusu mwanga, kamera zisizo na kioo na zile za Canon EOS hupima vizuri ukiwa kwenye hali ya Av au A, ambapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi. Tundu la lenzi unalibadili mwenyewe kwenye pete yake. Nikon ndogo kama D3500 ndizo haziupimi, nazo unazitumia kwenye M, hali ya kupanga kila kitu mwenyewe. Kama kamera yako ina kitulizi cha mtikisiko ndani ya mwili, iandikie milimita za lenzi, maana haiwezi kuzijua yenyewe.

Fokasi kwa mkono nayo inasingiziwa. Ukikuza picha kwenye skrini unaiweka sawasawa kabisa, hasa kwa vitu visivyokimbia. Michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, haikuharakishi: weka stendi, kuza, zungusha taratibu. Mtoto anayekimbia ni habari nyingine, hapo lenzi mpya inashinda.

"Milimita 50 ya zamani inageuka 75, bora 50 ya kisasa."

Kwenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, zote mbili hukatwa kingo kwa kiasi kilekile. Milimita hazibadiliki.

"Zote zina fangasi."

Fangasi hupenda unyevu, na Dodoma mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600. Lenzi iliyotunzwa miaka mingi Dar es Salaam au Tanga ndiyo ya kumulika kwa tochi kabla ya kulipa. Adui wetu huku ni vumbi. Lenzi nyingi za zamani hurefuka unapozungusha fokasi, na zikirudi huvuta hewa ya nje. Kiangazi upepo ukianza, funika lenzi. Na unaponunua, zungusha pete mwanzo hadi mwisho: ukisikia mikwaruzo ya mchanga, dai bei ipungue au mwachie mwenyewe.