Bango tupu haliuzi pombe lenyewe

Kuna kauli naisikia sana, eti bango la pombe likiwa na picha moja na maneno mawili basi limeshauza. Jamani si kweli, na mfano unaotolewa kila siku ni Absolut, ile vodka ya Sweden, chupa moja katikati, duara la malaika juu yake, chini Absolut Perfection, basi. Watu wanasahau wakala wao wa matangazo, TBWA, alirudia umbo la chupa ileile zaidi ya miaka 20 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo baadaye hata bwawa la kuogelea likichorwa kwa umbo hilo unajua ni nini.

Carlsberg, wale wa bia, nao, London 2015, bango la kijani lina bomba la bia na mstari mmoja tu, ila mstari wenyewe ulicheza na kaulimbiu ambayo Waingereza wanaijua toka miaka ya 70.

Kwa hiyo ukitaka kupima usiulize kama bango ni zuri, muulize dereva aliyepita spidi 80 lilikuwa la kinywaji gani, akikwambia "lile jeupe kali sana" halafu jina hana, hapo pesa imeliwa.