Je, wajua kwanini ukifunga popapu moja, yale matangazo yanayojitokeza yenyewe kwenye skrini, zinakuja tatu?

Ijumaa baada ya swala khalati yangu wa Kisauni kanipigia simu, "Mwanangu njoo unitazamie hii kompyuta, nahisi ina majini." Nikadhani utani. Nafika nakuta laptopu imefunikwa leso gubigubi, kisa eti matangazo ya wanawake nusu uchi yanajitokeza yenyewe pembeni ya skrini na wajukuu wako hapo hapo wanakula viazi karai. Nikafunua. Haikupita hata dakika mbili, ting! "Kompyuta yako ina virusi 5, bonyeza hapa haraka." Nikafunga. Ting! Nyengine. Nikafunga braoza nzima, ile programu ya kufungulia intaneti kama Chrome, na bado ting!

Hapo ndo watu wengi huamua mashini imeoza wakaibeba kwa fundi mjini, fundi naye anafuta kila kitu anaeka Windows upya na picha za harusi zinapotea. Na mara nyingi wala hakukuwa na virusi.

Iko hivi. Tangu 2015 Chrome inaziruhusu tovuti kukutumia arifa hata kama ukurasa wenyewe ulishaufunga zamani, na braoza nyengine zina mambo hayo hayo. Nia ilikuwa nzuri tu, barua pepe ikiingia ujue, timu yako ikifungwa ujue (hio ningependelea nisijue). Lakini wahuni wakaona mlango uko wazi. Khalati anapenda tamthilia za Kituruki za bure, sasa anafungua tovuti, kabla video haijaanza anaambiwa "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", naye mtu mzima kweli si roboti, kabonyeza. Ile Ruhusu haithibitishi chochote jamani, ni ruhusa ya hio tovuti kukurushia ujumbe wakati wowote inaotaka, na kila ukibonyeza kwenye tangazo lake kuna mtu analipwa. Na kwa kuwa Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chini kwa chini hata ukishafunga madirisha yake, unaona kama ujumbe unatoka ndani ya kompyuta yenyewe. Ndo mana kufunga moja moja hakusaidii, ni sawa na kufukuza kunguru pale Marikiti na matumbo ya samaki umeyaacha yametapakaa.

Ishara ya kujua ni hii: soma yale maandishi madogo kwenye ujumbe, kuna jina la tovuti. Ukiliona basi umeshamkamata mwizi wako. Ingia kwenye vile vidoti vitatu juu kulia, mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ya khalati ilikuwa na kumi na moja, moja tu ndo ya maana, ya barua pepe. Kumi nikazitoa, alafu nikaweka tovuti zisiombe tena ruhusa hio, na kelele karibu zote zikakatika hapo hapo bila kufuta hata picha moja.

Na ile ya "una virusi 5"? Uongo mtupu, ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kupekua diski yako, sasa hao virusi kawahesabu vipi? Ikiwa kuna namba ya simu usipige, atapokea mtu mpole sana atakayekuomba umfungulie kompyuta yako akiwa huko huko aliko, na mwisho wake utamlipa yeye au atajilipa mwenyewe.

Kwa anayetaka kumjua wa kumlaumu, kodi (yale maandishi ya programu) ya popapu za mwanzo iliandikwa miaka ya 1990 na Mmarekani anaitwa Ethan Zuckerman, wakati huo yuko kampuni ya Tripod. Kuna kampuni ya magari ilikasirika kuona tangazo lake liko kwenye ukurasa wa mambo ya ngono, basi wakaona afadhali tangazo lifunguke kwenye dirisha lake peke yake lisihusishwe na ukurasa. 2014 akaandika kuomba msamaha. Nilipomueleza khalati kauliza, "Na nani kamsamehe?"

Sasa, nimesema kelele karibu zote, sio zote. Ilibaki kwamba akitafuta kitu Google anapelekwa kwenye mtambo mwengine wa kutafutia asioujua, na hio sio arifa tena, hio ni viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyojibandika kwenye braoza. Alikuwa navyo vitatu, kimoja cha kugeuza PDF ambacho wala hakumbuki kukieka. Nikavitoa nikarudisha mipangilio ya Chrome kama ilivyokuwa mwanzo, na hio haigusi paswedi wala alamisho zako. Angalia hapa lakini, kama umeingia kwa akaunti yako ya Google kiendelezi kinaweza kukufuata hata ukieka Chrome upya, kwa hivyo kitoe kwanza ndo uhangaike na mengine.

Mwisho nikaenda kwenye orodha ya programu za Windows nikazipanga kwa tarehe, maana uchafu wa aina hii huja siku moja na programu ya bure uliyobonyeza endelea, endelea, endelea bila kusoma, na vile viaktiveta vya kufungulia Windows ya wizi ndo vibaya zaidi, humo mna virusi wa kweli wa kuiba paswedi. Nikakuta moja ya siku ile ile ya PDF, nikaing'oa. Kisha nikaendesha ule ukaguzi wa nje ya mtandao wa Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, uko bure humo humo ndani, kompyuta inazima na kuwaka na inachukua kama dakika 15, chai moja na mahamri mawili. Programu ya AdwCleaner ya kampuni ya Malwarebytes pia ni bure na kwa matangazo ni kali. Haikupatikana kitu. Ingelipatikana ya kuiba paswedi ningembadilishia zote kwa kutumia simu, sio kwa mashini ile ile.

Jumanne khalati kapiga tena. "Mbona iko kimya hivi, haijakufa kweli?" Nikamwambia iko salama. Leso lakini hajaitoa, anasema sasa ni ya vumbi.