"Extra Dry" si kavu kuliko zote

Shangazi yangu alinipigia simu akiwa Torino, kaskazini mwa Italia, amesimama katikati ya supamaketi na chupa mbili mkononi. "Mwanangu, nataka ule mvinyo wa mapovu, mtamu, usio wa bei mbaya. Moja imeandikwa Extra Dry, nyingine Brut. Sasa Extra Dry si ndiyo kavu kupita kiasi? Basi nachukua hii Brut." Kabla sijamjibu mtandao ukakata. Usiku akaniandikia kwamba mvinyo ule umemkausha ulimi, glasi moja imemshinda.

Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, hata kwa wahudumu wanaouza vinywaji hivi kila siku, kwa hiyo nalieleza mara moja.

Kwenye mvinyo, "kavu" ni kinyume cha "tamu". Basi. Dry, sec, secco, seco na trocken yote ni neno hilohilo kwa lugha tofauti, na linazungumzia sukari iliyobaki baada ya hamira kumaliza kazi yake. Halihusu ukali. Sisi tumezoea kwamba kunywa kavu ni kunywa bila kuchanganya na soda wala maji, ndiyo maana wengi wakisoma "dry" wanadhani kinywaji ni kikali. Hapana. Mvinyo mkavu na mvinyo mtamu inaweza kuwa na kilevi sawasawa.

Kanuni za Umoja wa Ulaya zimepanga mvinyo wa povu hivi: Brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry ina kati ya 12 na 17. Dry ina 17 hadi 32. Demi-Sec ina 32 hadi 50, na Doux, ambayo Waitaliano huiita Dolce, inazidi 50. Soda ya kola ina kama gramu 100 kwa lita, ukitaka kulinganisha.

Umeona mpangilio ulivyokaa? Extra Dry ni tamu kuliko Brut, na Dry ni tamu kuliko Extra Dry. Wanaochanganyikiwa hapa si wajinga. Maneno yenyewe yamebaki palepale wakati vinywaji vimehama.

Katika karne ya 19 shampeni ilikuwa tamu kwa namna ambayo leo tungeiita sharubati. Iliyopelekwa Urusi ilifikia gramu 200 za sukari kwa lita na zaidi. Kando ya chupa kama hiyo, mvinyo wenye gramu 25 ulikuwa mkavu kweli, na mtu aliyeuita "sec" hakumdanganya yeyote. Lakini Waingereza walikuwa na mvinyo wao wa kutosha wa baada ya chakula, mtamu na mzito, wakataka shampeni ya kunywa pamoja na mlo. Watengenezaji wakapunguza sukari. Neno "kavu" lilikuwa limeshachukuliwa, basi wakaongeza "zaidi": Extra Dry. Wakapunguza tena, na sasa hawakuwa na pa kwenda na neno hilo, wakaokota jingine kabisa. Mwaka 1874 Louise Pommery, mtengenezaji wa shampeni wa Reims, Ufaransa, alitoa mvinyo uliofanya ladha hiyo kavu ipendwe, na jina lililoshika kwa ladha hiyo ni Brut.

Brut kwa Kifaransa ni ghafi. Mafuta ghafi, yale yanayotoka kisimani kabla ya kusafishwa, wao huyaita pétrole brut. Almasi isiyochongwa ni diamant brut. Kwa hiyo chupa ya Brut inakuambia: mvinyo huu tumeuacha ulivyo, hatukuulainisha kwa sukari. Ukilisoma neno hivyo, halikupotezi tena.

Wajerumani wana mtego wao. Kwenye mvinyo wa kawaida, usio na mapovu, trocken ina sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita. Kwenye Sekt, mvinyo wao wa povu, trocken ileile ni gramu 17 hadi 32. Nchi moja, duka moja, rafu mbili zinazotazamana, neno moja lenye maana mbili. Akina mama wa safari, hapo angalieni sana.

Sasa, kuhusu mvinyo wenyewe aliokuwa akiutafuta shangazi. Aliufuata mbali ilhali alikuwa amesimama nyumbani kwa mvinyo huo. Mkoa wa Piemonte, ambao Torino ni mji wake mkuu, ndiko unakotoka Asti, mvinyo wa zabibu za Moscato. Utamu wake ni wa zabibu zenyewe: hamira ikifika katikati ya kazi, mvinyo unapozwa na kuchujwa ili isiendelee kula sukari. Kwa hiyo kilevi nacho hubaki kidogo, kama asilimia 7 hadi 9, na ndugu yake Moscato d'Asti, wenye mapovu laini zaidi, ni kama asilimia 5. Ukiinua glasi pua inakutana na zabibu mbichi na maua kabla ulimi haujaonja kitu.

Na bei yake ni ya watu wa kawaida. Shampeni hupata mapovu ndani ya chupa mojamoja na hukaa pishini angalau miezi 15. Asti hupata yake ndani ya tangi kubwa lililofungwa, njia aliyoivumbua Federico Martinotti, hukohuko Piemonte, mwaka 1895. Muda mfupi, mikono michache, gharama ndogo.

Jambo moja tu, shangazi, kabla hujapanda treni kwenda Venezia. Huko watakupa Prosecco, mvinyo wa povu wa pande hizo, na nyingi zimeandikwa Extra Dry. Usizikimbie, ni laini kuliko ile Brut iliyokushinda, ingawa hazitafikia utamu unaoutaka. Ukiona Dry, ichukue hiyo. Na ukitaka ile ya moyo wako, usimwambie muuzaji "isiyo kali", atakuuliza kuhusu kilevi. Mwambie dolce.